PostgreSQL (programu ya databesi, yaani ya kutunza data) na habari ya kufuta: miaka 6 nimeitumia kwenye mifumo ya maduka, haya ndo niliyoyaona

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, duka la jumla la vifaa vya ujenzi, shata moja imeshateremshwa, na mama mwenye duka akanipigia simu akasema mwanangu, huyu msambazaji wa mabati yuko mara mbili kwenye listi, nitolee mmoja maana vijana wanachanganya. Kazi ndogo. Nikaingia kwenye seva, nikafungua psql (dirisha la kuiandikia PostgreSQL amri), nikaangalia ID za wote wawili, nikaandika DELETE FROM wasambazaji WHERE id = 17; nikabonyeza enta. Ikajibu DELETE 1. Nimeambiwa nitoe mmoja na ametoka mmoja, nikafunga laptop nikaenda kula.

Kesho yake mchana akapiga tena na sauti ilikuwa nyingine. Ripoti ya mauzo ya mwezi imeshuka kwa mamilioni na mabati ya geji 30 hayapo kabisa kwenye stoku, wakati yanaonekana kwa macho yamepangwa ukutani pale nyuma ya nondo. Huyu mama ana daftari la kaunta analojaza kwa mkono kila siku tangu kabla ya kompyuta kuingia dukani kwake, na siku hiyo alikuwa amelifungua juu ya meza, kidole kiko kwenye jumla ya wiki iliyopita, kidole kingine kwenye skrini. Daftari lake lilikuwa sahihi, skrini yangu ilikuwa imepungukiwa.

Kilichotokea ni kwamba jedwali la bidhaa lilikuwa na foreni kii (kolamu inayotaja rekodi ya jedwali lingine, kama mtoto anavyomtaja mzazi wake) inayoelekea kwa wasambazaji, na jedwali la mistari ya mauzo lina foreni kii inayoelekea kwenye bidhaa, na zote mbili nilikuwa nimeziandikia ON DELETE CASCADE, yaani mzazi akifutwa watoto nao wafutike, wakati najenga mfumo kwa sababu ndivyo nilivyojifunza na nilitaka usumbufu wa kufuta uishe. Kwa hiyo msambazaji namba 17 alipoondoka aliondoka na bidhaa zake zote, na bidhaa zikaondoka na kila mstari wa mauzo uliowahi kuzigusa tangu duka lianze kutumia mfumo. Listi ilinionyesha watu wawili wenye jina moja, nikamfuta yule aliyeonekana wa zamani kumbe ndo aliyekuwa na mzigo wote. Bekapu ya usiku ule ilichukuliwa saa nane, yaani baada ya kufuta, kwa hiyo haikufaa, ikabidi nirudi ile ya usiku wa kabla yake, niifungue kwenye databesi ya pembeni, nichomoe rekodi zilizokosekana nizirudishe, na mauzo ya siku nzima iliyobaki katikati tukayaingiza upya kutoka kwenye nakala za risiti za EFD, mama anasoma mi naandika, mpaka saa tano usiku. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini kompyuta haikuniuliza kwanza?

Hilo swali ndo limenifanya niisome PostgreSQL upande huu kwa bidii, na hii rivyuu ni jibu lake kwa namna fulani. Siongelei kasi wala JSON wala mambo mengine ambayo yameshaandikwa sana. Naongelea kitu kimoja, ukiiambia ifute mzazi mwenye watoto inafanya nini, maana kwa mfumo wa duka au wa kikundi cha kukopeshana hapo ndo pana hela za watu.

Kwanza niseme wazi, PostgreSQL ingeuliza. Ingeuliza kabisa kama nisingeizuia. Ukiandika foreni kii bila kutaja chochote kuhusu kufuta, yaani msambazaji_id integer REFERENCES wasambazaji na basi, inachukua NO ACTION, na NO ACTION maana yake ni kukataa. Unafuta mzazi, inakagua, inakuta kuna mtoto bado ameshika mkono, inarudisha kila kitu kilivyokuwa na kukuletea kosa lenye namba 23503. Na kosa lenyewe limeandikwa vizuri kuliko mengi niliyowahi kuyaona, linakutajia jedwali ulilojaribu kufuta, jina la konstrenti (ile kanuni ya foreni kii) iliyokataa, jedwali lenye watoto, na kwenye mstari wa DETAIL chini linakutajia hadi ID kwamba hii namba 17 bado inatumika kwenye bidhaa. Huhitaji kupekua. Ukizipa konstrenti zako majina ya kueleweka, hilo kosa linasomeka hata na mtu aliyeamka usingizini.

Hapo naipa alama zote. Kitu chenye hela kinatakiwa kianze na kukataa, afu mwenye nacho ndo aseme hapa ruhusu, hapa ruhusu.

Sasa hizo ruhusa. Zipo tabia 5 za kuchagua na watu wengi tunajua mbili tu. RESTRICT nayo inakataa kama NO ACTION, na nilikaa muda mrefu nikidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Tofauti iko kwenye saa ya ukaguzi. RESTRICT inakataa palepale, haikupi nafasi. NO ACTION inaweza kusubiri, ukiitangaza konstrenti kuwa DEFERRABLE basi ndani ya transaksheni (fungu la amri zinazopita zote au zisipite kabisa) unaweza kusema SET CONSTRAINTS ALL DEFERRED, ukafuta mzazi kwanza, ukahamisha watoto baadaye, na hesabu inapigwa kwenye COMMIT tu, yaani unapothibitisha, kama wote wana mzazi inapita, kama kuna yatima hata mmoja inakataa yote. Hii imenisaidia sana siku ya kuingiza data za duka lililokuwa linatumia Excel, faili zimekuja shaghalabaghala, mauzo kabla ya bidhaa, bidhaa kabla ya makundi, nikaahirisha ukaguzi, nikamimina zote, na mwisho ikanikatalia kwa rekodi ambazo kweli zilikuwa hazina wazazi. MySQL, databesi nyingine, haina hiyo nafasi, kwenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi majedwali) NO ACTION na RESTRICT ni kitu kilekile, ukaguzi ni hapohapo.

CASCADE siichukii jamani, nisieleweke vibaya. Ina mahali pake. Mimi sasa hivi najiuliza swali moja kabla ya kuiandika, huyu mtoto ana maana yoyote bila mzazi wake? Picha za bidhaa, hazina. Vitu vilivyo ndani ya kikapu ambacho mteja hajalipia, havina. Seshini za mtu aliyeingia kwenye mfumo, hazina. Hivyo vyote vifutike na mzazi, kuvibakiza ni uchafu tu. Lakini mstari wa mauzo una maana yake peke yake, pesa ilishapokelewa, risiti ilishatoka, mzigo ulishapakiwa kwenye kirikuu ukaenda site. Bidhaa ikitoka kwenye soko haiwezi kwenda na ukweli kwamba iliuzwa. Hapo ni RESTRICT, bila majadiliano. Na hapa ndo nilipokosea mimi, sikukosea kwa sababu sikujua SQL, nilikosea kwa sababu nilichagua tabia moja nikaibandika kila mahali kama rangi ya ukuta, wakati kila uhusiano kati ya majedwali mawili ni mkataba wake.

SET NULL ni ya wale wanaoweza kuishi bila mzazi. Bidhaa na kundi lake kwa mfano, ukifuta kundi la "rangi na vanishi" kwa sababu umelipanga upya, bidhaa zibaki, kolamu ya kundi iwe tupu mpaka mtu azipange. Safi kabisa. Lakini msiitumie kwa keshia na mauzo, nimeona mahali keshia kaacha kazi, akafutwa, na mauzo yake yote ya miezi yakabaki hayana jina la aliyeuza, na pale ndipo hasa ulipotokea upungufu wa hela na hakuna wa kumuuliza. Keshia hafutwi, anasimamishwa.

Kuna kitu kwenye SET NULL kilinisumbua sana kabla ya toleo la 15. Mfumo wangu wa pili una matawi, kwa hiyo foreni kii zangu ni za kolamu mbili, tawi_id pamoja na kundi_id, ili bidhaa ya tawi hili isije ikashikilia kundi la tawi lingine kwa bahati mbaya. Sasa ukifuta kundi, SET NULL ilikuwa inajaribu kufanya kolamu zote mbili ziwe tupu, na tawi_id ni NOT NULL (hairuhusiwi kuwa tupu), kwa hiyo kufuta kunagoma kwa kosa ambalo halihusiani kabisa na ulichokuwa unafanya. Nikawa naandika triga (vijiprogramu vinavyojiendesha rekodi ikiguswa) za mkono kuzunguka hilo. Toleo la 15 lililotoka Oktoba 2022 likaleta dawa, unaandika ON DELETE SET NULL (kundi_id), unaitajia kolamu ya kufanya tupu na nyingine inaiacha. Mstari mmoja. Nilifuta triga zangu zote siku hiyo hiyo. SET DEFAULT nayo imepata nafasi hiyo hiyo ya kutaja kolamu, ila hii ya DEFAULT siitumii sana, ukiichagua kumbuka thamani ya default lazima iwepo kweli kwenye jedwali la mzazi, kama umeweka kundi namba 1 liwe "bila kundi" basi namba 1 iwepo, la sivyo kufuta kunakataliwa.

Haya, yasiyonifurahisha, na yapo.

La kwanza ni ile DELETE 1. Mpaka leo inaniuma. Unafuta mzazi mmoja, kaskedi inameza watoto na wajukuu kwa maelfu, na jibu linalorudi ni idadi ya mistari ya jedwali ulilolitaja tu. Hata ukiweka RETURNING mwishoni inakurudishia mzazi peke yake. Najua kiutaratibu ni sahihi, amri ilitaja jedwali moja na limejibiwa jedwali moja, lakini mtu aliye mbele ya skrini saa moja na nusu jioni anahitaji kujua ukubwa wa alichofanya. Ingekuwa imeandika hata taarifa ndogo kwamba kaskedi imegusa bidhaa, imegusa mistari_mauzo, mi ningeshtuka palepale, ningerudisha bekapu ya usiku wa jana kabla saa nane haijafika. Kinachochosha zaidi ni kwamba TRUNCATE (amri ya kumwaga jedwali zima) yenye CASCADE inatoa hiyo taarifa, inakuandikia NOTICE kwamba inaendelea mpaka jedwali fulani. DELETE haitoi.

Na kwa kuwa nimeitaja, TRUNCATE yenye CASCADE muiogope. Haisomi ON DELETE yako hata kidogo. Ukiwa umeweka RESTRICT au SET NULL kwa uangalifu wote, ukija kuandika TRUNCATE makundi CASCADE inamwaga jedwali la makundi na kila jedwali lenye foreni kii ya kuelekea kwake, lote zima, na yanayoelekea kwa hayo pia. Nilikuwa nadhani itafuta bidhaa zenye kundi tu. Hapana, ni zote, hata zile ambazo kolamu ya kundi ilikuwa tupu. Nilijua hilo kwenye databesi ya majaribio, nashukuru. DROP TABLE yenye CASCADE kwa upande mwingine ni mpole kuliko jina lake linavyosikika, inaondoa jedwali na ile konstrenti ya kwenye jedwali la watoto, watoto wenyewe wanabaki. Neno moja, tabia tatu tofauti, ndo maana nasema soma kabla ya kuandika CASCADE popote.

La pili ni indeksi, ile faharasa inayoisaidia databesi kupata rekodi bila kusoma jedwali zima. PostgreSQL inalazimisha mzazi awe na indeksi, ni lazima kolamu inayoelekewa iwe primari kii au yuniki, lakini upande wa mtoto haikujengei kitu. MySQL inajenga yenyewe. Matokeo yake ukifuta mteja mmoja kwenye PostgreSQL, databesi lazima imtafute kwenye jedwali la mauzo kama bado ana rekodi, na bila indeksi inasoma jedwali zima kutoka juu mpaka chini kwa ajili ya mteja mmoja. Duka likiwa dogo huoni. Duka la tatu nililolihudumia lilikuwa na mistari ya mauzo zaidi ya milioni, na kusafisha listi ya wateja waliojirudia ikawa kazi ya kukaa unasubiri. Nikapiga EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha muda unaenda wapi) ndani ya transaksheni nikairudisha nyuma, na jibu likakaa wazi: kufuta kwenyewe chini ya milisekunde moja, na chini yake mstari unaosema Trigger for constraint, ukifuatiwa na jina la konstrenti yangu, time yake inasoma sekunde na kitu. Muda wote ulikuwa pale. CREATE INDEX moja kwenye mauzo kwa kolamu ya mteja_id, nikapima tena, ikashuka mpaka huwezi kuiona. Sasa hivi sipeleki foreni kii yoyote kwenye seva bila indeksi ya upande wa mtoto, ni kama kufunga mlango na kufunga komeo.

La tatu, kubadilisha nia. Ukigundua CASCADE ilikuwa makosa huwezi kuigeuza kuwa RESTRICT kwa amri moja, ALTER CONSTRAINT haigusi hicho kipengele, lazima uidondoshe konstrenti na uiandike upya. Kwenye jedwali kubwa kuiandika upya ni kukagua kila mstari huku waandishi wengine wamesimamishwa foleni, na foleni ya dukani Jumamosi asubuhi mnaijua. Kuna njia, unaidondosha na kuiongeza na neno NOT VALID ndani ya transaksheni moja, inaanza kulinda rekodi mpya palepale, afu baadaye unapiga VALIDATE CONSTRAINT ambayo inakagua za zamani bila kuzuia watu wanaouza. Nimefanya hivyo duka likiwa wazi na hakuna aliyejua. Lakini ni hatua tatu kwa kitu ambacho kichwani kwako ni neno moja.

La nne si kosa la PostgreSQL ila wengi hawalijui. Baada ya ile ajali niliwanyima makeshia ruhusa ya kufuta kwenye mistari_mauzo nikadhani nimeziba. Sikuziba. Kaskedi haipiti kwa ruhusa za aliyefuta, inapita kwa ruhusa za mwenye jedwali. Kwa hiyo mtu ambaye hana haki ya kugusa mstari mmoja wa mauzo anaweza kuufuta kwa kumfuta mzazi wake, kama ana haki juu ya mzazi. Ruhusa haitibu ON DELETE iliyoandikwa vibaya. Kilichonisaidia kweli ni triga ya kumbukumbu, maana PostgreSQL inaamsha triga za mtoto hata mtoto akifutwa na kaskedi, kwa hiyo kila mstari unaoondoka unanakiliwa kwenye jedwali la pembeni na saa yake. MySQL 8.0 haiamshi, kaskedi zake zinapita chini kwa chini na triga yako inalala, na kwangu hiyo peke yake ilitosha kuhama.

MySQL nimeifanyia kazi pia kwa hiyo nisiipite kwa kasi, maana hosti nyingi za bei nafuu zinakuja nayo na mtu anayeanza ndo anakutana nayo kwanza. InnoDB inalinda foreni kii vizuri na imekuwa injini ya kawaida tangu toleo la 5.5. Shida ni mahali inaponyamaza. Majedwali ya zamani ya MyISAM yanapokea maneno ya foreni kii bila kulalamika na hayalindi kitu. Kwenye 8.0 ukiandika REFERENCES pembeni ya kolamu, vile tunavyoandika sote kwenye PostgreSQL, inapokea kimya na haijengi konstrenti yoyote, lazima uandike FOREIGN KEY kwa mstari wake. Na lile swichi la foreign_key_checks, watu wanalizima ili kuingiza bekapu au kulazimisha kufuta, wakiliwasha tena databesi hairudi nyuma kukagua kilichopita wakati limezimwa. Nimeshapokea mfumo wa namna hiyo, mikopo ina wateja namba ambazo hazipo popote, na hakuna anayejua ni nani anadaiwa. SQLite ya kwenye simu nayo ni hivyohivyo kwa namna yake, inaweza kulinda foreni kii tangu 3.6.19 ya mwaka 2009 lakini inakuja imezimwa, na PRAGMA foreign_keys = ON unaiandika kila unapofungua koneksheni, ukisahau koneksheni moja hiyo moja inafuta inavyotaka.

Kwa wenzangu wa freimuweki, yaani vifaa vya kujengea programu kama Laravel ya PHP na Django ya Python. Laravel ukiandika cascadeOnDelete kwenye maigresheni inaandikwa kweli kwenye databesi, na ukiwa unatumia soft delete jueni kwamba ile si DELETE, ni UPDATE inayojaza deleted_at, kwa hiyo foreni kii haioni chochote, mzazi amefichwa na watoto wanaendelea kuonekana kwenye ripoti, lazima uwashughulikie mwenyewe. Django tangu 2.0 inakulazimisha utaje on_delete, na napenda hilo, zamani ilikuwa inachukua CASCADE bila kukuuliza. Ila on_delete=CASCADE ya kawaida ya Django inafanyika ndani ya Python, kwenye PostgreSQL konstrenti inabaki ya kukataa, ndo maana ukifuta kupitia admin inakubali na ukifuta kwa psql inagoma. Wengi wanadhani ni hitilafu. Databesi inakulinda na mkono wako mwenyewe.

Bei, ni bure, leseni yake inakuruhusu hata kuuza mfumo wako bila kumlipa mtu. Mimi naiweka kwenye VPS ndogo (seva ya kukodi) kwa kila mteja na haijawahi kuniangusha kwa uzito. Mradi ulianzia chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1986, foreni kii zikaingia na toleo la 7.0 mwaka 2000, na unaona kwamba wanazitengeneza polepole na hawaharibu za zamani. Naipa nyota 4 na nusu kati ya 5. Ile nusu ni ya DELETE 1, na nitairudisha siku itakaponiambia imegusa nini.

Mkiwa na mfumo uliojengwa na mtu mwingine, au wenu wenyewe wa zamani, ingieni leo kabla hamjafuta chochote mpige hii:

SELECT conrelid::regclass, confrelid::regclass, conname FROM pg_constraint WHERE contype = 'f' AND confdeltype = 'c';

Inaleta kila CASCADE iliyopo, mtoto kushoto, mzazi katikati. Au piga \d na jina la jedwali, ushuke mpaka chini panapoandikwa Referenced by, mle mna orodha ya majedwali yanayoelekea kwake moja kwa moja, wajukuu uwatafute kwa kurudia hivyo kwenye kila mtoto. Ilikuwepo siku ile, chini ya wasambazaji, neno CASCADE limeandikwa kwa herufi kubwa, mi nilikuwa sijashuka kuangalia. Na kama unafuta kwa mkono, anza na BEGIN, hesabu watoto kwa COUNT, futa, hesabu tena, afu ndo uamue COMMIT au ROLLBACK. Dakika moja na nusu.

Kwa mama nilibadilisha zote mbili kuwa RESTRICT, nikaweka kolamu ya hai kwa wasambazaji na bidhaa ili wasimamishwe badala ya kufutwa, na nikaichukua ile 23503 nikaigeuza kuwa maneno yake. Mwezi uliopita alijaribu mwenyewe kumtoa msambazaji wa misumari waliyekosana naye, skrini ikamwandikia: Huyu ana bidhaa 12 na mauzo yake bado yapo, hawezi kufutwa, unataka kumsimamisha? Akanipigia simu. Akasema mwanangu, leo imeniuliza. Nikamuuliza umejibu nini mama, akasema nimemsimamisha, hela zake alizoniuzia zibaki kwenye kitabu.